Dar es Salaam na Unguja: Mji, Kisiwa na Maji Yatokayo Mbali

Mkulima anayeshusha magunia ya viazi mviringo katika soko la Soweto, jijini Mbeya, yuko umbali wa zaidi ya kilomita 600 kutoka Bahari ya Hindi. Yawezekana hajapata kuiona bahari hiyo. Hata hivyo viazi vyake, vikipakiwa kwenye lori jioni, vitapikwa Dar es Salaam baada ya siku chache. Na mvua iliyomlowesha shambani, juu ya milima ya Uporoto, yaweza siku moja kuwasha taa katika nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Maneno haya si fumbo. Ni mfuatano wa sababu na matokeo unaoweza kupimwa kwa mita, kwa kilovolti na kwa tani.

Makala haya yanaeleza hali ya mji mkubwa wa pwani ya Tanzania, Dar es Salaam, pamoja na kisiwa cha Unguja kilicho jirani yake: jinsi kila kimoja kilivyoumbwa, kinavyopata maji na umeme, na kwa nini maisha ya vyote viwili yamefungamana na Nyanda za Juu za Kusini.

Mahali penyewe

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta. Mkoa wake una eneo la kilomita za mraba 1,400 hivi na umegawanyika katika wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Katika sensa ya 1967 mji huo ulikuwa na watu 272,821. Katika sensa ya 2022 mkoa ulikuwa na watu 5,383,728. Hata kama mipaka iliyotumika katika hesabu hizo mbili haifanani, ni dhahiri kwamba idadi ya wakazi iliongezeka karibu mara 20 katika muda wa miaka 55. Leo kila kilomita moja ya mraba hubeba, kwa wastani, zaidi ya watu 3,800.

Unguja iko kaskazini mwa Dar es Salaam, ng'ambo ya mkondo wa bahari ambao sehemu yake nyembamba haifiki kilomita 40. Kutoka bandari hadi bandari ni mwendo wa kilomita 70 hivi, na boti ziendazo kasi humaliza safari hiyo kwa muda wa saa mbili hivi. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi na eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,600. Mwaka 2022 kilikuwa na watu 1,346,332. Hakuna mlima Unguja. Vilima vyake virefu, kama vile vya Masingini, havifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari.

Sehemu ya magharibi ya kisiwa ina udongo mzito wenye rutuba, na ndiko ilikostawi mikarafuu, minazi na miembe. Sehemu ya mashariki na kusini ni maweni, yaani mwamba wa matumbawe ya kale uliofunikwa na udongo mwembamba na vichaka. Tofauti hii ya mwamba ndiyo iliyoamua tangu zamani wapi watu walime na wapi wategemee zaidi uvuvi.

Bahari ilipopanda

Kwa nini Unguja ni kisiwa? Jibu halipatikani kisiwani, bali katika barafu za mbali. Yapata miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kuliko sasa. Maji mengi yalikuwa yameganda na kulimbikana juu ya nchi kavu huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kwa kuwa maji hayo yalitoka baharini na hayakurudi, usawa wa bahari duniani kote ulishuka kwa mita 120 hivi. Mkondo wa Unguja una kina kidogo sana kikilinganishwa na kipimo hicho. Wakati ule, basi, palikuwa na nchi kavu mahali ambapo leo majahazi hupita, na mnyama aliweza kutembea kutoka bara hadi Unguja bila kulowesha kwato.

Ushahidi upo. Katika pango la Kuumbi, kusini mashariki mwa Unguja, wachunguzi wa mambo ya kale wamechimbua mifupa ya wanyama wakubwa wa bara, wakiwamo punda milia na nyati. Wanyama hao hawaogelei bahari ya kilomita 40. Walifika kwa miguu, na dunia ilipopata joto, barafu ikayeyuka na bahari ikapanda, waliobaki walijikuta wamezungukwa na maji. Kima punju wa msitu wa Jozani ni kizazi cha viumbe waliotengwa na wenzao wa bara.

Pemba ina historia nyingine. Mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, hivyo hata bahari iliposhuka kwa mita 120, Pemba ilibaki kisiwa. Visiwa hivi ni ndugu kwa watu wake, lakini kwa umri wa kutengana na bara havilingani.

Kupanda huko huko kwa bahari kulikoifanya Unguja kuwa kisiwa ndiko pia kulikoumba bandari ya Dar es Salaam. Bahari ilipokuwa chini, mito midogo ya pwani ilichimba mabonde yenye kina. Ilipopanda, maji ya chumvi yaliingia katika mabonde hayo na kuyageuza kuwa hori. Bandari ya Dar es Salaam ni bonde la aina hiyo lililozama, ambamo mito ya Kizinga na Mzinga bado humwaga maji yake. Mlango wake mwembamba huzuia mawimbi makubwa, na ndani yake maji hutulia.

Kisiwa kilichozaa mji

Utulivu wa hori hilo ulimvutia Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Katika miaka ya 1860 alianza kujenga makao mapya karibu na kijiji cha Mzizima, akapaita mahali hapo kwa jina lenye maana ya usalama. Alifariki mwaka 1870 kabla mji haujakamilika, na kazi ikasimama. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, nayo inapita Mbeya.

Kabla ya reli na meli za moshi, aliyetawala mwendo wa vyombo alikuwa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Unguja, ikiwa karibu na bara lakini salama kutokana na vurugu zake, ilikuwa ghala la biashara hiyo. Reli ilipojengwa, mizigo ya bara ilipata njia ya kufika moja kwa moja kwenye meli, na uzito wa biashara ukahamia Dar es Salaam. Mji uliozaliwa na kisiwa ukakua kumzidi mzazi wake.

Maji matamu juu ya maji ya chumvi

Dar es Salaam hupata maji yake mengi kutoka mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru. Mji hauna udhibiti wa mvua ya Uluguru, na mto unapopungua mabomba hukauka. Mwezi Oktoba 2022, baada ya mvua kuwa haba, wakazi walianza kupewa maji kwa mgao.

Unguja haina mto wa namna hiyo. Maji yake ni mvua iliyozama ardhini, kisha ikatoka katika chemchemi kama zile za Mtoni na Bububu, au ikavutwa visimani. Wanafunzi wengi huuliza: ikiwa kisiwa kimezungukwa na bahari, na mwamba wake una matundu mengi, mbona maji ya visima si ya chumvi?

Sababu ni densiti, yaani tungamo ya kila ujazo mmoja. Lita moja ya maji ya mvua ina tungamo ya kilogramu 1.000 hivi, lita moja ya maji ya bahari ina kilogramu 1.025 hivi. Maji matamu, yakiwa mepesi, huelea juu ya yale ya chumvi ndani ya mwamba, kama barafu ieleavyo majini: sehemu ndogo hubaki juu na sehemu kubwa huzama. Hesabu yake ni rahisi. Tofauti ya densiti ni 0.025, ukigawanya 1.000 kwa 0.025 unapata 40. Maana yake ni kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo.

Kanuni hii ni neema, lakini pia ni onyo. Mashine ikivuta maji mpaka usawa wake kisimani ukashuka kwa mita moja tu, mpaka wa maji ya chumvi chini yake huelekea kupanda kwa mita 40. Kisima kilicho karibu na ufuo huweza kuharibika hivyo, na kukisafisha huchukua muda mrefu. Hoteli, mashamba na nyumba zinapoongezeka pwani ya mashariki, swali la wajibu kuuliza si visima vingapi vinaweza kuchimbwa, bali ni maji kiasi gani hurudishwa na mvua kila mwaka.

Jaribio: Jaza glasi nusu maji yaliyokorogwa chumvi vijiko vitatu. Tia rangi kidogo katika maji matamu, kisha uyamimine polepole sana juu ya mgongo wa kijiko kilichogusa maji ya chumvi. Tabaka mbili zitaonekana. Sasa nyonya maji ya rangi polepole kwa mrija, ukiushika karibu na mpaka wa tabaka hizo. Angalia ni lini chumvi inaanza kupanda mrijani.

Umeme upitao chini ya bahari

Hadi mwaka 1980 taa za Unguja zilitegemea mitambo ya dizeli ya kisiwani. Mwaka huo kebo ilitandazwa chini ya mkondo kutoka Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar es Salaam, hadi Ras Fumba, kusini magharibi mwa Unguja. Ilikuwa na uwezo wa megawati 45 kwa msongo wa kilovolti 132.

Msongo mkubwa hivyo unatakiwa kwa nini? Nguvu ya umeme ni zao la msongo na mkondo wa umeme, lakini joto linalopotea katika waya hutegemea mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Nguvu ile ile ikisafirishwa kwa kilovolti 132 badala ya 33, msongo huwa mara nne, mkondo huwa robo, na upotevu katika waya huo huo huwa sehemu moja tu ya 16.

Umeme ulioingia katika kebo hiyo ulitoka katika gridi ya Taifa, na nguzo kuu ya gridi wakati huo ilikuwa maji ya Ruaha Mkuu. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975. Bwawa la Mtera, la kuhifadhi maji ya mvua kwa ajili ya kiangazi, lilikamilika mwaka 1980. Kidatu ina uwezo wa megawati 204, na maji yake huanguka kwa mita 175 hivi. Tani moja ya maji ikianguka kimo hicho hutoa nishati ya uniti 0.48, yaani karibu nusu ya uniti zinazosomwa kwenye mita ya nyumbani. Sehemu ndogo hupotea katika mitambo. Balbu ya wati 10, basi, huweza kuwaka zaidi ya saa 40 kwa tani moja tu.

Usiku wa miezi mitatu

Mwezi Mei 2008 njia hiyo ya umeme ilipata hitilafu, na Unguja ikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Tarehe 10 Desemba 2009 ilikatika tena. Safari hii giza lilidumu hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu.

Jambo lililowaelemea watu zaidi halikuwa taa. Pampu za visima huendeshwa kwa umeme. Zilipozimika, mabomba ya mjini yalikauka, ijapokuwa maji matamu yalikuwa pale pale chini ya ardhi. Wanawake na watoto walibeba ndoo mwendo mrefu. Samaki waliharibika kwa kukosa barafu. Waliokuwa na uwezo walinunua jenereta; wasiokuwa nao walisubiri. Kisiwa kilitambua kwamba mahitaji yake mawili makubwa, maji na nuru, yalining'inia kwenye waya mmoja.

Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na bara kwa kebo yake yenyewe kutoka Tanga. Mwaka 2013 kebo ya pili ya Unguja, yenye uwezo wa megawati 100, ilianza kazi kutoka Ras Kiromoni. Hata hivyo kebo ya pili haizalishi umeme, huusafirisha tu. Hapana budi kuuliza umeme wenyewe unatoka wapi.

Chanzo kilicho mbali

Mvua inayonyesha kuzunguka Mbeya haiendi mahali pamoja. Inayoangukia upande wa magharibi huteremka kwa mto Songwe hadi ziwa Rukwa, ziwa lisilo na njia ya kutokea, na huishia kuwa mvuke. Inayoangukia miteremko ya kusini ya Rungwe huingia mto Kiwira na ziwa Nyasa. Ni ile ya upande wa kaskazini wa Uporoto na milima ya Kipengere iteremkayo hadi uwanda wa Usangu, ikapumzika katika bwawa la matete la Ihefu, kisha ikatoka kama Ruaha Mkuu. Mto huo hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huungana na Ruaha Mdogo upitao kando ya mji wa Iringa, na kuingia Mtera.

Kuanzia mwaka 1993, mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika kila kiangazi ndani ya hifadhi. Mgao wa umeme wa miaka ya 1990 na wa mwaka 2006 ulipotokea, wengi walinyoosha kidole moja kwa moja kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu.

Hapa sayansi inafundisha subira. Watafiti waliopima maji ya bonde hilo walionyesha kwamba maswali mawili yamechanganywa. Maji yanayochepushwa mashambani wakati wa kiangazi ni kiasi kidogo kwa hesabu ya mwaka mzima, lakini hutosha kuukausha mto kwa sababu wakati huo mto wenyewe ni mdogo. Viboko na samaki wa hifadhi huumia kweli. Mtera, kwa upande wake, hujazwa hasa na mafuriko ya masika. Bwawa hilo likiwa tupu, yafaa kuchunguza pia mvua ilikuwaje na maji yaliyohifadhiwa yalifunguliwa kwa kiasi gani. Mambo mawili yakitokea pamoja, haithibitiki kwamba moja ndilo lililosababisha jingine.

Ni kweli vilevile kwamba maji yaliyopita katika mtambo hayaliwi na mtambo. Tani ile ile iliyofanya kazi Mtera hufanya kazi tena Kidatu, kisha huingia mto Rufiji na kufika Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024 na ambalo uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Lakini maji yaliyogeuka mvuke juu ya jaruba la mpunga hayarudi mtoni. Mkulima wa Mbarali na msomaji wa Mji Mkongwe wanagawana mto mmoja, ingawa hawafahamiani. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyoanza kutumika kuzalishia umeme mwaka 2004, imepunguza utegemezi huo, bali haikuumaliza.

Hitimisho

Bahari inaendelea kupanda, safari hii kwa sababu ya joto linaloongezwa na shughuli za binadamu. Kupanda kwa leo ni kwa milimita chache kwa mwaka. Mpaka wa maji ya chumvi chini ya Unguja utaitika, na fukwe za Dar es Salaam, ambazo kwingine, kama huko Kunduchi, zimekwisha kumomonyoka, zitaitika pia. Huko Kunduchi uchimbaji wa mchanga katika vijito vinavyolisha ufuo umetajwa miongoni mwa sababu.

Ramani ya shule huonyesha mji kuwa nukta na kisiwa kuwa kipande cha rangi katikati ya bluu. Ramani ya kweli ya Dar es Salaam ingefika Uluguru kwa maji na Soweto ya Mbeya kwa viazi. Na ya Unguja ingevuka bahari, ikapanda Kidatu na Mtera, hadi kwenye matete ya Ihefu. Mwalimu wa Nyanda za Juu anayewapeleka wanafunzi wake kupima kina cha kijito kilicho karibu na shule, kila wiki, masika na kiangazi, na kuandika vipimo hivyo daftarini kwa miaka kadhaa, anafanya kazi ambayo mji na kisiwa vinaihitaji. Mto usiopimwa hauwezi kugawanywa kwa haki.